Kabla ya kuficha kopo, kamsalimie mwenye mawe

Mwezi wa saba, alfajiri, Igombe, kando ya Ziwa Viktoria huko Mwanza, ni pa kuvaa sweta. Mtu wa Makete hataiita baridi, lakini simu ilisoma nyuzi 17, na upepo ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ule unaopenya hadi kwapani. Mimi na binamu yangu tulishuka kwenye daladala jua halijatoka, tukafuata njia ya mguu inayokatiza kwenye mihogo. Ufukweni akina mama walikuwa wameshaanza kuanika dagaa wa usiku ule, bado wanang'aa. "Mwangaluka!" Tukaitikia, tukapanda mawe kwenda kukagua kopo letu.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Unaficha kopo lenye daftari dogo ndani, unatangaza kwenye intaneti namba zake za GPS, zile za satelaiti zinazoonyesha mahali lilipo, anayetaka anakuja kulisaka. Akilipata anaandika jina na tarehe, anarudisha palepale. Akichukua kitu, anaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon, ndani yake mkiwamo hata kopo la maharage. Siku hizi chakula hakiruhusiwi, kwa sababu wanyama hulifuata kopo na kulivunja.

Kwangu mimi kipupwe ndio msimu wake huku kwetu. Mvua zimekata, majani yamelala, na mawe hayajawa kikaango. Jua likichomoza tu, pimbi wanatoka mapangoni kuota joto, wamebanana kama watoto kwenye benchi. Siku hiyo nilimkuta mjusi dume, kichwa chekundu, mwili wa buluu, amejibandika kwenye jiwe la baridi. Nilimsogelea hadi nikaona koo lake linavyopanda na kushuka. Mchana asingenisubiri.

Ukifika kwenye mawe, simu inaanza kuchanganya. Mawimbi yanagonga miamba na kurudi, mshale unakwambia mita nane kushoto, mara kumi na mbili nyuma yako. Hapo unaiweka mfukoni, unatumia macho na fimbo. Fimbo ndiyo inayoingia kwenye ufa kwanza, mkono baadaye.

Sasa nije kwenye linalonikera. Wachezaji wengi hufundishana kwamba msakaji asionekane. Ukiona mtu asiyejua mchezo, jifanye unapiga picha. Huenda kwenye bustani ya mji wa Ulaya inafaa. Huku ni kosa kubwa, na nalisema kwa sababu tulilifanya sisi wenyewe.

Mara ya kwanza tulikwenda kimyakimya, tukaficha, tukaondoka. Tuliporudi baada ya wiki mbili, vijana wanne walikuwa wanatusubiri juu ya mawe, na hawakuwa na salamu. Wageni wawili wanachungulia mapangoni na simu mkononi: sisi ni akina nani kama si wasaka mali za Mjerumani? Hadithi za rupia zilizofukiwa kila mtu amezisikia, na wapo waliochimba hadi kwenye makaburi ya watu. Vijana wale walikuwa na haki ya kuuliza.

Wakatupeleka kwa mzee mwenye eneo. Tukamwamkia, akatupa vigoda, akataka kuliona kopo. Alilifungua mwenyewe: penseli, daftari, gololi mbili, kifungo cha koti. Akacheka kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wanangu, mchezo ni mzuri, ila pale mlipoweka babu zetu walikuwa wakifanyia matambiko. Mngeniuliza." Akashika fimbo yake, akatupandisha hadi kwenye jiwe lingine, la juu zaidi, ambalo ramani ya simu isingetuonyesha kamwe. Kutoka pale unaona ziwa lote na mitumbwi inayorudi.

Kanuni rasmi za mchezo zinataka ruhusa ya mwenye ardhi kabla hujaficha, lakini wengi huichukulia kama karatasi ya kujaza. Mimi nataka iwe salamu ya ana kwa ana: kwa mwenye eneo, kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa akina mama wa dagaa, maana wao ndio wanaomwona kila apitaye. Wakijua, kopo lina walinzi.

Asubuhi hiyo ya baridi tulilikuta salama. Daftari lilikuwa na unyevu, lakini maandishi ya penseli hayakuchujuka. Juu ya gololi palikuwa na kitu kipya: boya la wavu, la mti, limechongwa kwa kisu na kulainishwa na miaka ya maji. Mzee alikuwa amepanda peke yake kuliweka. Nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza: atakayetaka boya hili, apite kwanza nyumbani kwa mzee amwamkie.