Fundi wa Kuchomelea Anunue Mkaa Kabla ya Mashine

Fundi wa kuchomelea anayetamani uhunzi mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya nyundo ya umeme na fuawe (chuma kizito cha kufulia) ya kutoka ng'ambo, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha zake zinapopotea. Mtu aliyezoea kuunda mageti na magrili tayari ana mashine ya kuchomelea, grinda na jiliwa, na kwa hivyo anaweza kujitengenezea karibu karakana nzima nyuma ya nyumba yake: rimu ya lori ikawa jiko, bomba likapeleka hewa chini ya mkaa, na kipande cha reli kilichofungwa juu ya gogo zito kikawa fuawe. (Kipande hicho kiwe na risiti, maana kuhujumu reli ni kosa la jinai.)

Asichonacho ni ujuzi wa chuma chenyewe. Sisi wachomeleaji tumelelewa na chuma laini chenye kaboni isiyozidi sana asilimia 0.2, ambacho hata ukikitosa majini kikiwa chekundu hakitapata ugumu wa kukata kitu. Springi ya gari ina takriban asilimia 0.6, na ndiyo sababu wahunzi wetu huitafuta kwa ajili ya visu na tindo. Hupashwa moto hadi iache kushikwa na sumaku, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, huongezwa moto kidogo, hutoswa katika mafuta, kisha hupashwa tena kwa upole hadi nyuzi 200 na ushei ili isivunjike kama kigae.

Yote hayo husomwa kwa rangi ya chuma kilichopata moto, na rangi hiyo haionekani vizuri juani. Karakana ya uhunzi inataka kivuli pamoja na upepo wa kutosha kuondoa moshi, kwa hiyo ningetanguliza mabati ya paa kabla ya mashine yoyote. Mabomba yenye zinki yasiingie motoni kabisa. Homa ya moshi wake wachomeleaji tunaijua.

Wahaya wa Kagera walizalisha chuma kutokana na mawe kwa tanuri za udongo, mivukuto ya kupulizia hewa na mkaa, na baadhi ya mabaki ya tanuri hizo yana umri wa karibu miaka 2,000. Walichokuwa nacho kwa wingi ni uzoefu wa moto, nao hupatikana kwa kuchoma magunia ya mkaa tu.

Kuhusu soko, sishauri mtu ashindane na majembe na mapanga ya viwandani. Ni afadhali afue tindo za waashi, na ayakunje mwenyewe maua ya mageti yake, ambayo kwa sasa wengi wetu huyanunua dukani yakiwa yote ya umbo moja. Hapo mteja atalipia kazi asiyoweza kuiona kwenye geti la jirani.