Acheni kuchimba ground plum porini, pandeni mbegu nyumbani

Inaniuma sana kuona mtu anaishi Kansas au Nebraska, majimbo ya katikati ya Marekani, ana kiwanja kikubwa tu, kila wiki anakata ukoka na kuumwagilia maji, halafu mmea wa asili ya palepale, wenye maua mazuri na matunda ya kula, hana hata mmoja. Naongelea Astragalus crassicarpus, kule wanauita ground plum. Ni wa jamii ya mikunde, kwao ni nyika za Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada mpaka Texas. Ikifika Aprili na Mei unatoa maua ya zambarau, mengine rangi ya krimu, mashina yanatambaa chini, halafu yanakuja matunda ya mviringo yanalala kabisa kwenye udongo, ya kijani yenye wekundu upande unaopigwa na jua. Ukiyaona utasema plamu ndogo, kumbe ni ganda la kunde lililonenepa, na likiwa bado changa ladha yake ni ya njegere mbichi, tamu kwa mbali.

Na watu wameyala miaka mingi sana. Wenyeji wa nyika walikula mabichi na ya kupika, baadhi yao, makabila ya Waomaha na Waponca, walikuwa wanaloweka mbegu za mahindi pamoja na haya matunda kabla ya kupanda, na walowezi walipokuja wakayatengenezea achari.

Kilichoumaliza ni plau. Nyika ya nyasi ndefu imebaki chini ya asilimia 4 ya ile ya zamani, na kipande kikubwa kilichopona ni Flint Hills kule Kansas, kimepona kwa sababu mawe yako juujuu plau haiingii, basi. Sasa hicho kidogo kilichobaki mtu anaenda na koleo kung'oa mmea akaupande kwake, jamani! Mzizi wake mkuu unazama chini sana, ukiukata mmea unakufa, umeharibu huku na kule hujapata kitu.

Ila kula kuna masharti, na hapa sitanii. Jenasi ya Astragalus, yaani kundi la mimea ndugu wa huu, ina spishi zaidi ya 2,500 na baadhi zina sumu kali, kuna zile zinazowachanganya akili ng'ombe na farasi mpaka wanakufa, kwa hiyo kama hujaoneshwa na mtu anayeujua vizuri usitie kitu mdomoni. Hiyo nayo ni sababu ya kupanda mwenyewe, maana mbegu unanunua kwa wauzaji wa mimea ya asili na unajua umepanda nini.

Mbegu ina ganda gumu, isugue kidogo na msasa maji yaingie, panda sehemu ya jua kali isiyotuamisha maji, mbolea achana nayo maana bakteria wa kwenye mizizi wanautafutia naitrojeni wenyewe. Maua usiyategemee mwaka wa kwanza, huko chini unashusha mzizi kwanza.