Bima ya Mbio Nisizokimbia

Jamani, mimi ni mtu wa foleni. Nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, na siku nikifa nina hakika jeneza langu litakaa Ubungo dakika arobaini likisubiri trafiki anyanyue mkono. Sasa nielezeni, mtu wa namna hiyo anatozwaje bima ya mkimbiaji?

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 2003, lina milango miwili. Sikulitafuta. Mpwa wangu alipata kazi Muscat, akaja nyumbani usiku na ufunguo mkononi, "Mjomba, nakuachia kwa bei ya ndugu." Bei ya ndugu, kama hamjui, ni ile ambayo mzigo ukiharibika huna wa kumrudishia, maana mtakutana msibani. Nikalipa. Asubuhi mama Neema akalizunguka mara mbili kama anayeangalia mbuzi wa Idi, akauliza, "Baba Neema, milango mingine iko wapi?"

Nikamwambia ndivyo yalivyo, hayo ni magari ya michezo.

"Michezo gani? Simba au Yanga?"

Tuna watoto watatu na mama mkwe. Sikuwa na jibu zuri.

Mwaka wa kwanza bima haikunisumbua. Wakala alikuwa mzee mmoja mstaarabu, miwani iko kwenye ncha ya pua, hajali gari liwe na umbo gani. Aliandika "Toyota", akaandika namba, akaandika thamani milioni 18, akapiga asilimia tatu na nusu, akaongeza VAT yake ya asilimia 18, jumla 743,400. Nikalipa, stika ikaingia kwenye mfumo, tukaagana. Wazee wale walikuwa na heshima. Gari ni gari.

Mwaka huu yule mzee kastaafu. Kwanza simu ikalia meseji: "Ndugu mteja, bima yako inaisha baada ya siku saba." Ukiona kampuni inakuita ndugu, shika mfuko. Nikaenda ofisini, nikakuta kijana. Shati limembana, simu mbili mezani, na dirishani anaangalia maegesho kama mtoto anayeangalia gari la aiskrimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, ile Celica pale ni yako?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitakiwa kusema ni ya jirani. Nilitakiwa kusema ni Vitz iliyovimba. Lakini nyie mnajua, umri huu wangu, kitambi hiki, nywele zimeanza kurudi nyuma kama maji kupwa, ni lini mara ya mwisho kijana alikuangalia kwa macho yale? Nikajikuta nimevuta kiti.

"Yangu hiyo."

"Si ndiyo ile ya Safari Rally?"

"Unaijua?" Nikaanza. Nikamwambia habari za Carlos Sainz kuchukua ubingwa wa dunia wa rali na Celica mwaka 1990, akaja kuuchukua tena 1992. Nikamwambia habari za Ian Duncan, Mkenya, jirani yetu kabisa, kuishinda Safari Rally, yale mashindano ya rali ya kwao Kenya, mwaka 1994 na Celica hiyohiyo. Nikampigia na mlio wa injini kwa mdomo. Dada wa mapokezi alisimama.

Ukweli, ambao sikuusema, ni kwamba Celica za akina Duncan zilikuwa na tabo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, na zinavuta magurudumu yote manne. Langu halina tabo, linavuta kwa magurudumu ya mbele tu, na mvua ikinyesha Kimara linavutwa na vijana wanaodai elfu tano kabla hawajagusa bampa.

Kijana alikuwa anaandika muda wote huo. Mimi nilidhani anaandika historia.

Akageuza kioo cha kompyuta. Thamani ya gari, milioni 15, maana limezeeka. Kiwango, asilimia sita, maana ni la michezo. Weka VAT. Jumla 1,062,000.

Nikamwambia mwanangu, hebu tulia turudie pamoja. Gari limeshuka milioni tatu. Bima imepanda laki tatu na elfu kumi na nane na mia sita. Yaani gari likizidi kuchoka, mimi ndiye nazidi kulipa? Kwa hesabu hiyo likifika siku ya kuuzwa kilo kwa wanunua vyuma, si nitauza nyumba kulikatia bima?

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza akaunti.

Kijana hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mkorofi unamgombeza, roho inatulia. Huyu alinieleza kwa upole kama daktari. Mzee, haya magari watu wanayakimbiza. Mzee, spea zake ni za kutafuta, taa moja ya mbele ya Corolla utaipata leo, ya hili utaagiza. Mzee, vibaka wanapenda vioo vyake. Mzee, liko chini sana, Jangwani ikijaa maji linazama mapema kuliko wenzake. Na akaniambia nishukuru, kwamba kuna kampuni gari likipita miaka kumi na tano hawaligusi kabisa kwa bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe.

Hapo alisema kweli, maana nilikwenda kuhakikisha. Kampuni ya kwanza walicheka mwaka wa gari. Ya pili walisikia jina la gari, wakaniambia mhusika yuko kwenye mkutano. Mhusika nilikuwa namwona. Alikuwa anakula embe.

Turudi kwenye hilo la kukimbiza. Nalikimbiza wapi? Naomba mtu anionyeshe barabara. Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka Kimara, tayari taa nyekundu zimetandaa mbele yangu mpaka yanakoishia macho. Pembeni yangu, kwenye njia yake mwenyewe, linapita basi lenye abiria mpaka mlangoni, na jina lake ni Mwendokasi. Limepewa jina hilo hadharani tangu 2016, na hakuna aliyeliita ofisini kulihoji. Linanipita. Bajaji inanipita. Siku moja alinipita muuza karanga, akarudi kunichenjia, akanipita tena.

Mshale wa spidi kwenye dashibodi yangu unafika 180. Mimi naujua mpaka 60. Huko mbele ni kama Ulaya, najua kupo, nimeona picha.

Na ukitoka mjini ukasema sasa nimeachiwa njia, unakutana na vibao vya 50. Nje kidogo ya Mlandizi nilipigwa tochi, nilikuwa 53. Trafiki akaniuliza, "Mzee, gari kama hili unashindwaje kulizuia?" Gari kama hili! Nyuma yangu kuna Noah iliyopita na mwendo wa kesi ya jinai, hiyo hakuiona. Elfu thelathini, kontroo namba, pole na safari. Risiti ninayo. Ndiyo ushahidi pekee wa maandishi kwamba gari langu limewahi kukimbia, na ni kilomita tatu za ziada.

Bado sijasema matuta. Gari la chini na matuta ya Dar ni kama paka na birika la maji. Tuta la mtaani kwetu lilijengwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa na bodaboda, na walilijenga kwa hasira. Ili nilivuke bila kukwangua tumbo ni lazima abiria washuke. Basi nasimama, mama Neema anashuka, anakunja kiti cha mbele, watoto wanatoka mmoja mmoja kama mayai, navuka kimshazari, tairi moja baada ya jingine, wanapanda. Mita mia mbele, tuta lingine. Juzi mama Neema aliniambia, "Mume wangu, konda wa daladala ya Mbezi hashuki mara nyingi kama mimi." Na hapo nalipia hatari ya mwendo mkali.

Mtu atasema, kwani si ukate bima ndogo? Nimeliwaza. Usiku wa manane nimeliwaza. Bima ndogo ni 118,000 na VAT ndani, na haina cha gari la michezo wala gari la kubebea mkaa. Tatizo lake inamlipa yule utakayemgonga, wewe mwenyewe utajijua. Nikiligonga toroli la machungwa, mwenye machungwa atalipwa, na mimi nitabaki naokota vipande vya taa katikati ya machungwa. Halafu hiyo taa, kama alivyosema kijana, ni ya kuagiza. Na wizi je? Kioo cha pembeni kikichomolewa usiku, asubuhi unazunguka kwenye maduka ya spea, unaletewa kimoja kimefungwa kwenye gazeti, unakiangalia, unaona ule mkwaruzo alioufanya mwanao na baiskeli. Unasalimiana nacho. Unalipa.

Huwa nasema gharama za gari haziondoki, zinahama nyumba. Mwaka 2017 walipofuta ile ada ya kila mwaka tuliyokuwa tunabandika stika kiooni, niliruka juu. Nikaambiwa tulia, imehamia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Tangu siku hiyo sishangilii kitu mpaka nijue kimekwenda kulala wapi.

Basi nikapata wazo. Tatizo ni neno "michezo". Neno likitoka, asilimia inashuka. Nikampigia kijana simu, nikamwambia mwanangu, umekosea, hili ni gari la familia, njoo nyumbani ulikague ushuhudie mwenyewe. Akakubali kuja Jumamosi.

Nikajipanga. Nyuma nikaweka kiti cha mtoto cha kuazima. Juu ya dashibodi nikatandika kitambaa cha kufuma. Kwenye kioo nikaning'iniza tasbihi ya mama mkwe. Buti nikajaza ndoo, mchele nusu gunia, na mkungu wa ndizi, ili mtu akifungua aone nyumba. Na kiti cha nyuma nikampandisha mama mkwe mwenyewe, na kanga zake mbili, kama shahidi.

Kumpandisha kulituchukua dakika kumi na mbili. Milango ni miwili, na mama mkwe si mtu wa kupita tundu la sindano. Mama Neema alisukuma, mimi nilivuta kwa upande wa pili kwa adabu zote zinazompasa mkwe, yaani nilishika mkoba tu. Alipokaa akahema, akauliza, "Hivi hili jina lake maana yake nini?"

Mpwa aliwahi kuniambia. Nikasema, mama, Celica ni Kilatini, maana yake ya mbinguni.

Akanyamaza kidogo. "Na ndiko linakopeleka watu?"

Nikamwomba mbele ya mgeni neno hilo asilirudie.

Kijana akaja. Akazunguka, akapiga picha kitambaa, akapiga picha kiti cha mtoto, akafungua buti, akaona mkungu. Nikamwona uso unalegea. Nikawaza asilimia nne. Nikawaza hata tatu na nusu. Moyoni nilishafika kwenye bei ya yule mzee wa miwani.

Akainama dirishani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Eti mama, mkweo huyu anaendeshaje?"

Sasa hapa lazima mjue kitu. Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe Mbagala kumwona dada yake mgonjwa. Tulitoka Kimara saa tatu asubuhi. Ubungo peke yake tulikaa mpaka muuza maji akatuzoea. Tulifika Mbagala Rangi Tatu saa sita kasoro. Ila mama mkwe alisinzia kabla hatujafika Ubungo, akazinduka namzimia injini mlangoni kwa dada yake. Na mama mkwe ananipenda, hilo sina shaka nalo. Alitaka kunisifia mbele ya mgeni.

"Huyu?" akasema, akainua mkono wenye bangili. "Huyu fundi! Mwanangu, tulitoka Kimara mpaka Mbagala, hata usingizi haujakolea, tumefika. Kufumba na kufumbua. Dakika ishirini!"

Kijana akanitazama.

"Ishirini?"

"Hazikufika," akasema mama mkwe.

Nikafungua mdomo, nikaona nitasema nini? Kwamba mama mkwe wangu ni mwongo? Mbele ya mama Neema? Nikaufunga. Kijana akatoa kalamu, akaandika, nikamwona anaandika, akaandika mstari mrefu kuliko "gari la familia". Akaniambia nitapigiwa Jumatatu, akachukua bodaboda, akaenda zake, na mwendo ule alioondokea ile bodaboda sitaki hata kuuzungumza.

Mama mkwe alikuwa bado ndani, anatabasamu, ananipungia. Kumtoa kunahitaji watu wawili, na mama Neema alikuwa amekaa chini kwenye ngazi, anacheka mpaka kanga imemdondoka.