Je, kirusi huuliza pasipoti?

Sisi wa Kyela, kwenda Malawi ni kuvuka daraja la mto Songwe pale Kasumulu tu. Shangazi yangu ameolewa Karonga. Novemba 2021 mwanawe alikuwa na tiketi mkononi ya kwenda Marekani kwenye harusi ya kaka yake, suti imeshonwa Mbeya na pindo la suruali limeshushwa mara mbili, ndipo ikatangazwa kwamba kuanzia tarehe 29 mgeni yeyote aliyekuwa Malawi, au katika nchi nyingine 7 za kusini mwa Afrika, ndani ya siku 14 zilizopita haruhusiwi kuingia.

Kosa lao lilikuwa nini? Wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliigundua Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, wakaitahadharisha dunia mapema, na badala ya kushukuriwa wakafungiwa milango, wao na majirani zao! Uholanzi nao waliikuta katika sampuli zilizochukuliwa tarehe 19 na 23 Novemba, kabla Afrika Kusini haijatangaza. Mbona wao Marekani haikuwafungia? Tena raia wa Marekani aliyelala Lilongwe usiku uleule aliruhusiwa kurudi kwao. Kirusi kilimwogopa? Na sisi tunaovuka daraja lile kila siku na mchele wetu, ugonjwa ulikuwa ukitusubiri upande wa pili?

Marufuku ilikuja kuondolewa tarehe 31 Desemba. Harusi ilikuwa imeshapita, na nauli ya shangazi haikurudishwa hata kwacha moja.