Maturubai Yaking'olewa, Anabaki Nani?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai, barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam hufurika. Daladala za Mbagala hutambaa, watoto hubebwa mabegani, na mageti ya Uwanja wa Mwalimu Nyerere humeza watu tangu asubuhi. Hayo ndiyo Maonyesho ya Sabasaba. Kaa nyuma ya meza ya mjasiriamali mdogo siku ya tarehe 7 yenyewe, utaona jambo ambalo limenisumbua kwa miaka mingi. Mamia wanapita, makumi wanasimama, wachache wanashika bidhaa na kuuliza bei, na wanaotoa pesa unaweza kuwahesabu kwa vidole. Jioni mwenye banda anafunga, sauti imemkauka, miguu imevimba, halafu anasema kwa furaha: "Leo kulikuwa na nyomi!"

Nyomi hiyo ina thamani gani kwake? Je, tukio la kukusanya watu linakuza biashara kweli?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtaani siku hizi wanasema biashara matangazo. Misemo hii miwili inavutana, na kila upande una hoja. Wa kwanza ulizaliwa mahali ambapo watu wanajuana. Mama akipika vitumbua vizuri, kufikia wiki ya pili mtaa mzima unajua, na hana haja ya kupiga ngoma. Lakini leo mtu anafungua duka Kimara au Bunju, majirani wenyewe wamehamia mwezi jana, hakuna anayemjua mwenzake. Hapo kizuri kinaweza kukaa kimya rafuni mpaka kodi ya fremu imshinde mwenyewe. Kwa hiyo siwalaumu wanaokodi maturubai, spika na MC. Wengi wao wanaogopa kufa kimya kimya, na hofu hiyo ni ya haki.

Mfano wenye nguvu kuliko yote ninaoujua wa tukio kuinua biashara unatoka mbali. Mwaka 1902 mjini Paris, gazeti la michezo la L'Auto, chini ya Henri Desgrange, lilikuwa linazidiwa na mpinzani wake, Le Vélo. Mwandishi kijana wa L'Auto, Géo Lefèvre, akatoa wazo la mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa. Nusura wazo life kabla halijazaliwa. Ratiba ya kwanza ilikuwa ya siku 35, na waliojiandikisha walikuwa 15 tu. Desgrange akapunguza siku, akashusha ada ya washiriki kutoka faranga 20 hadi 10, akaahidi posho. Tarehe 1 Julai 1903 wakaondoka waendeshaji 60. Mbio zilipokwisha, L'Auto lilikuwa limepanda kutoka nakala zipatazo 25,000 kwa siku hadi zipatazo 65,000. Mwaka uliofuata Le Vélo likafungwa. Mbio zenyewe ndizo Tour de France, ambazo dunia inazitazama hadi leo.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kana kwamba fundisho ni kufanya jambo kubwa. Mimi naona siri iko kwingine. Mtu wa kijijini mwaka 1903 hakuwa na redio wala televisheni. Waendeshaji walipita mbele ya nyumba yake, vumbi likatimka, wakapotea. Nani anaongoza? Nani ameanguka? Ili ajue, ilimbidi anunue gazeti, na hakuna gazeti lililokuwa karibu na mbio kuliko lile lililoziandaa. Tukio lilizaa kiu, na bidhaa ndiyo ilikuwa maji yenyewe.

Sasa chukua duka la vifaa vya ujenzi linaloalika msanii wa Bongo Fleva siku ya uzinduzi. Barabara inafungwa, simu zote ziko juu zinarekodi. Wimbo wa mwisho ukiisha, msanii anaingia kwenye gari na watu wanaondoka naye. Hakuna kitu katika wimbo kinachomfanya mtu atamani mfuko wa saruji. Duka hilo hilo lingewaita mafundi ujenzi hamsini wa kata yake Jumamosi asubuhi, likawapa supu na chapati, likawaonyesha aina mpya ya rangi na kuwaacha waipake ukutani kwa mikono yao. Hilo halitasambaa mitandaoni, lakini fundi ndiye anayemwambia mwenye nyumba anunue wapi.

Upande wa gharama nao usipitwe haraka, kwa sababu faida ya tukio mara nyingi humwagikia asiyeligharamia. Zanzibar wanalijua hili. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na hufanyika Februari katika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Usiku ule Forodhani hawapumziki kukaanga na kuchoma, vyumba vya wageni vinajaa, madereva wa teksi hawalali, wauza khanga wanatabasamu. Pamoja na hayo yote, mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Lilirudi mwaka 2017. Mji ulikuwa ukivuna kila Februari, lakini mwenye jembe hakuweza kununua mbegu. Mfanyabiashara anayeandaa bonanza la mtaa ajiulize mapema: soda zitauzwa na nani, nyama itachomwa na nani, na yeye atabaki na nini mkononi zaidi ya bango lenye jina lake?

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi huumia. Tuseme dada anatengeneza sabuni za mche na kila mche unampa faida ya shilingi 500. Maturubai na viti ni 150,000, spika na MC 300,000, vinywaji 150,000. Jumla ni 600,000. Ili arudishe pesa yake siku ile ile, lazima auze miche 1,200. Haiwezekani, atalala na deni. Lakini geuza hesabu hiyo hiyo. Mteja mmoja anayenunua miche miwili kwa mwezi ananunua 24 kwa mwaka, na wateja hamsini wa namna hiyo wananunua 1,200. Kwa maana hiyo hafla ile haikuhitaji umati. Ilihitaji wanawake hamsini watakaorudi mwaka mzima. Anayehesabu kwa njia ya pili ataandaa shughuli tofauti kabisa: ndogo, ya watu wa karibu, yenye beseni la maji na nguo chafu ili sabuni ijieleze yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vyombo vya Tupperware, vile vya plastiki vya kuhifadhia chakula. Huko Marekani viliwekwa madukani, havikutoka. Mfuniko ulikuwa wa aina mpya na watu hawakujua kuufunga. Mwanamke mmoja, Brownie Wise, alikuwa akiviuza sebuleni, mama mmoja akiwaita jirani zake, vyombo vikipita mkono hadi mkono. Mwaka 1951 kampuni ikamwajiri na kuviondoa vyombo vyake madukani kabisa. Sisi tunaotoka kwenye jamii za kitchen party na vikoba hatuhitaji kufundishwa nguvu ya sebule ya namna hiyo. Ila hata nguvu hiyo haidumu milele: namna ya watu kununua ilibadilika, na Septemba 2024 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Njia iliyokujengea jina inaweza kuzeeka ukiwa bado umeishika.

Kuna hoja moja ya kutetea matukio ambayo naona haipewi uzito wake, nayo ni uaminifu. Watu wengi wamelizwa mitandaoni. Umeona gauni zuri kwenye picha, umetuma pesa, simu haipokelewi tena. Baada ya kuumwa mara moja, mteja hutaka kuuona uso wa muuzaji, aguse kitambaa, anuse, akae juu ya kiti kabla ya kukilipia. Mfanyabiashara mwaminifu ambaye hana fremu hupata kwenye maonyesho kitu ambacho tangazo la kulipia haliwezi kumpa: watu wanajua kwamba yupo, ana jina, na anasimama mbele ya kazi yake. Kwa wadogo, nadhani hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya kushiriki, kuliko hata mauzo ya siku hiyo.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni kuita watu usioweza kuwahudumia. Niliwahi kwenda kwenye uzinduzi wa mgahawa mmoja ambao ulikuwa umetangazwa wiki nzima, chakula nusu bei. Saa saba mchana foleni ilifika barabarani. Saa tisa pilau ilikwisha, wahudumu wawili walikuwa wanalia, na mzee aliyekuwa mbele yangu aliondoka na njaa baada ya kusubiri karibu saa mbili. Wapishi wale walikuwa wazuri. Nilirudi baadaye nikala vizuri sana, meza zikiwa tupu. Niliumia kwa ajili yao. Walilipa pesa nyingi kuwaonyesha watu wengi siku yao mbaya kuliko zote. Msusi anayemaliza vichwa vinne kwa siku hahitaji tamasha la watu mia tatu. Na nusu bei huwavuta hasa wale wanaofuata nusu bei, ambao kesho watakuwa kwa mwingine.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tukio linakuza biashara, nauliza kwanza maswali yangu mawili. Je, bidhaa yako inaweza kuonjwa, kuguswa au kujaribiwa pale pale? Na kesho yake utampataje mtu uliyekutana naye jana? Asiye na jibu la pili, ningemshauri pesa ile aiweke kwenye mzigo au kwenye mshahara wa msaidizi mmoja mzuri. Mwenye majibu yote mawili nitamsaidia kubeba viti.

Ndugu yangu mmoja anasindika viungo, na miaka miwili ya kwanza Sabasaba alihesabu nyomi kama wengine. Mwaka wa tatu alichukua meza ndogo zaidi, akaweka chupa ya chai yenye iliki na vikombe vya kuonjea, na daftari la shule lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila aliyesifia chai aliombwa jina, namba na mtaa anaokaa. Aliuza kidogo kuliko miaka iliyotangulia, akarudi nyumbani amenyong'onyea. Wiki mbili kabla ya Idi, wakati kila nyumba inawaza pilau, alifungua lile daftari, akakaa uani na simu yake, akaanza ukurasa wa kwanza. Mama wa Tandika alipokea, na ndugu yangu hakuwahi hata kumaliza kujitambulisha.

"Wewe ndiye wa iliki ya Sabasaba? Niletee robo kilo, na dada yangu naye anataka."