Mfumuko wa bei kushuka si bei kushuka

Kila KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ikitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka, mitandao huwaka: "Umeshuka wapi? Mmeenda sokoni?" Hasira hiyo naielewa, ila takwimu haijadanganya. Kinachopimwa ni kasi ya bei kupanda tangu mwezi kama huo mwaka uliopita. Kasi ikipungua, bei bado inapanda.

Tupige hesabu. Chukua kapu la bidhaa la shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mwaka mmoja baadaye mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, kapu likawa 1,096. Oktoba 2023 ulikuwa 6.9: kama 1,172. Oktoba 2024 ukawa 2.7, kiwango ambacho serikali ilijivunia, na kapu likafika 1,203. Hakuna mwaka ambao lilirudi nyuma. Tena katika kapu la KNBS, chakula ni takriban theluthi moja tu. Anayemaliza nusu ya mshahara kwa unga, mafuta na mboga, mfumuko wake ni mwingine kabisa.

Unga wenyewe ulishuka kweli. Pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200 mwaka 2022, na kufikia 2024 ilikuwa imepungua sana. Sifa nyingi ziende kwa mvua na mavuno, wala si kwa riba ya Benki Kuu.

Kosa jingine ni kudhani shilingi ikipata nguvu, kila kitu kitashuka kwa kiasi hichohicho. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160; katikati ya mwaka ilikuwa kama 129. Petroli Nairobi ilitoka 217.36 mwishoni mwa 2023 ikafika 180.66 Oktoba 2024, na hata hapo bei ya mafuta duniani ilikuwa imesaidia. Dola hugusa gharama ya shehena ya mafuta tu. Lakini ushuru wa matengenezo ya barabara hutozwa kwa shilingi kwa kila lita, dola iwe juu au chini, na Julai 2024 ulipandishwa kutoka 18 hadi 25.

Nauli ndiyo ngumu zaidi. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14, lakini nauli ya matatu hupangwa na wenye magari. Mafuta yakipanda, wanaongeza siku hiyohiyo. Yakishuka, wanakumbuka mkopo wa gari, bima na vipuri vilivyonunuliwa dola ikiwa juu, na abiria wa saa kumi na mbili asubuhi hana gari jingine la kupanda.