Bendera spesho za mabalozi zinamsaidia nani hasa?

Kuna watu wanaona nchi inayojiheshimu lazima mabalozi wake wawe na bendera yao tofauti na ile ya taifa, na kuna wengine wanaona hizo ni mbwembwe tu za watu wa protokali. Mi nimeipima hii ishu naona wote wana hoja, ila kila mmoja anamuongelea mtazamaji mwingine.

Tuanze na sheria maana hapo hakuna utata. Mkataba wa Vienna wa 1961 wa mahusiano ya kidiplomasia kati ya nchi, ibara ya 20, unaupa ubalozi na mkuu wake haki ya kutumia bendera na nembo ya nchi iliyowatuma, kwenye jengo, kwenye makazi ya mkuu huyo na kwenye usafiri wake. Basi. Bendera ya pekee ya kibalozi haijatajwa popote. Ule wa 1963 wa mabalozi wadogo (makonseli), ibara ya 29, unasema karibu hayo hayo, ila kwenye gari ni pale tu linapokuwa kwenye kazi rasmi. Kwa hiyo nchi yenye bendera spesho imejitungia yenyewe.

Na wametunga kweli. Balozi wa Uingereza ana Union Jack, yaani bendera ya taifa lao, yenye duara jeupe katikati, ndani nembo ya kifalme, pembeni shada la majani ya kijani. Balozi wao mdogo naye ana duara hilo hilo lakini taji peke yake, shada hapati. Halafu mwakilishi wao kwenye nchi ya Jumuiya ya Madola anatumia Union Jack ya kawaida isiyo na kitu, wakati cheo chake ni sawa na cha balozi! Marekani nao balozi mdogo ana bendera ya bluu yenye herufi C ndani ya duara la nyota 13. Denmark na Norway wao hawakuhangaika na michoro, wanatumia bendera ya dola ambayo mwisho wake umechanwa kama mkia wa mbayuwayu.

Wanaozitetea wana hoja moja nzito, na mfano mzuri ni Ujerumani. Bendera ya rangi tatu mtu yeyote anaweza kuitundika, shabiki wa mpira, hoteli, duka, lakini ile yenye ngao ya tai ni ya mamlaka za serikali kuu na raia haruhusiwi kuitumia, na balozi zao ndo zinapeperusha hiyo, kwa hiyo ukiiona mlingotini unajua hapa ni dola yenyewe inaongea sio Mjerumani aliyepanga nyumba. Hapo nawapa pointi.

Shida ni nani anayesoma. Aliye nje ya geti ni askari wa nchi mwenyeji, mpita njia, labda muandamanaji mwenye hasira, na hao tofauti ya shada na taji hawaijui wala haiwahusu. Tena wapo wanaodhani bendera ndo inalinda jengo, sio kweli, kinga inatoka ibara ya 22 ya ule mkataba wa 1961 iwe bendera ipo au imeshushwa, na hata hiyo kinga ina mipaka yake kwa vitendo maana Tehran mwaka 1979 ubalozi wa Marekani ulivamiwa na watu 52 wakashikiliwa siku 444. Halafu nembo nayo ina gharama zake, Mfalme Charles wa Uingereza alipochagua mchoro mwingine wa taji, ule wa Tudor, mwaka 2022 bendera zenye taji zikawa za zamani, Union Jack tupu haikuguswa.

Bendera ya taifa ndo yenye uzito. Baada ya Taliban kuchukua Kabul Agosti 2021, balozi nyingi za Afghanistan ziliendelea kupeperusha ile nyeusi, nyekundu na kijani ya jamhuri, na dunia nzima ikaelewa ujumbe bila maelezo.

Kwa hiyo mi kwenye jengo naiona ya taifa inatosha, labda dola iwe na yake kama Ujerumani. Kwenye gari ndo nasita kidogo, ila hata huko kinachosomeka haraka sio mchoro. Balozi akiwa hayumo, dereva anakifunika kile kibendera na kava lake, na askari wa barabarani akiliona anajua mkubwa hayupo, shada la majani hajawahi hata kulisikia.